Ruhusa ya Kutembea

Jumatatu, 2 Machi 1953. Bukoba.

Nimenunua daftari hili leo. Mke wangu Alistidia anasema mtu anayeandika kutwa nzima ofisini hana haja ya kuandika tena nyumbani. Namwambia kule naandika ya watu wengine.

Jina langu ni Elisha Rwegasira, karani wa kupiga chapa na mkalimani hapa bomani, mwaka wa sita sasa. Leo nimemaliza kutafsiri masharti ya mikutano na maandamano. Maandamano ni watu watatu au zaidi wanaotembea pamoja kwa nia moja. Anayeyataka aombe ruhusa siku kumi na nne kabla, ataje viongozi, njia, na saa ya kuanza na ya kumaliza. Bwana DC alisoma Kiswahili changu akasema ni kizuri. Nami nakiri ni kizuri. Hakuna neno linaloyumba.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kazi ya kawaida.

Jumamosi, 7 Machi. Ijumbi.

Nimefika kwa shangazi nikiwa nimelowa hadi mifupani. Shangazi yangu Kokubanza ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni mjane, na ndiye kiongozi wa kina mama wa kanisa letu la Kilutheri hapa Ijumbi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Leo aliipaza.

Ni ile amri ya fukusi, mdudu anayetoboa migomba. Bwana Shamba amewatuma watu wake kupita vibanja, mashamba yetu ya migomba, na wakikuta shina lenye fukusi wanang'oa lote, pamoja na mikungu iliyobakiza wiki tatu kukomaa. Kwa jirani yake wameng'oa mashina arobaini kwa asubuhi moja.

"Fukusi tunamjua kabla yao," alisema. "Tunataka watungoje tukate mikungu kwanza, na mwenye kibanja awepo. Basi. Tutakuja Bukoba, wanawake wa Ijumbi na Kagoma, tumwambie Bwana DC kwa midomo yetu."

Nikamweleza masharti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tukiomba vizuri tutaruhusiwa?"

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu. "Mradi ombi limekamilika."

"Basi liandike, mwana wange. Likamilishe."

Jumatano, 11 Machi

Ombi limerudishwa siku ileile niliyolipeleka. Halina majina ya viongozi. Kosa ni langu, niliandika jina la shangazi peke yake. Yanatakiwa yasiyopungua kumi, na kijiji cha kila mmoja.

Jumamosi, 14 Machi. Ijumbi.

Walijitokeza kumi na mmoja. Wa mwisho ni Bibi Kemilembe, ambaye hata umri wake haujui. Nilimwambia hana haja ya kujiandikisha. Akaniuliza kama jina lake lina kasoro. Nikaliandika.

Ijumaa, 20 Machi

Limerudishwa. Njia haikutajwa. Nimeandika: kutoka viwanja vya soko, kupitia daraja la Kanoni, mpaka bomani.

Ijumaa, 27 Machi

Limerudishwa. Kwa kuwa limesahihishwa, siku kumi na nne zinahesabiwa upya.

Alistidia alisema, "Wanakuchezea." Nikamjibu kwamba sheria ni kama chapa, ukikosea herufi moja unarudia ukurasa. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mvua ilipiga bati la kanisa hata mchungaji hakusikika. Tulimfuata kwa kumtazama midomo.

Jumatano, 8 Aprili

Imetoka! Ruhusa nambari 4. Nimeipiga chapa mwenyewe. Jumamosi tarehe 18, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Watu wasizidi mia. Hakuna ngoma, hakuna nyimbo, hakuna hotuba barabarani. Njia ni ile tuliyoiomba tu.

Nilimwonyesha Sajenti Burhani wa polisi. Baba yake alitoka Pangani, lakini yeye amezaliwa hapa na Kihaya chake kinashinda cha wengi. Alisoma polepole, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Karani, hapa. 'Ruhusa hii ni ya kutembea, si ya mkutano.' Wakisimama itakuwaje?"

"Wasimamie nini? Wanakwenda bomani."

"Haya," alisema, akanirudishia karatasi.

Jumanne, 14 Aprili

Barua saba leo. Kufunga daraja kwa sababu za usalama, tarehe iachwe wazi. Madawati ya shule. Leseni ya duka. Mgongo unaniuma.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Wanawake waliondoka kwao, upande wa Muleba, juzi kwa miguu, wawili wawili, kama nilivyowaelekeza, ili njiani wasihesabiwe kuwa maandamano. Wakalala kwa ndugu na kwa waumini. Saa mbili kamili walikuwa viwanja vya soko. Niliwahesabu mara mbili. Walikuwa mia moja barabara, na shangazi mbele ameshika ruhusa ndani ya kitambaa isilowe. Mimi niliamriwa niwepo kama mkalimani wa Bwana Inspekta wa polisi.

Walitembea kimya. Sijawahi kuona wanawake mia wa kwetu wakitembea bila hata mmoja kucheka. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu.

Darajani tukakuta kamba imefungwa huku na huku, na askari sita. Bwana Inspekta alisimama mbele ya kamba.

"Waambie daraja limefungwa. Mto umefurika."

Nilitazama mto. Maji yalikuwa chini ya mawe ambayo watoto hukalia wakifua. Kina mama nao walitazama. Nilitafsiri.

Shangazi akasema kwa adabu, "Mwambie Bwana tutazunguka kwa njia ya juu."

Jibu likaja: njia hiyo haimo katika ruhusa.

"Basi mwambie tutangoja hapa hadi atakapofungua."

Jibu likaja: wakisimama ni mkutano, na mkutano hawana ruhusa yake. Anawapa dakika mbili.

Haya yote yalipita kinywani mwangu. Nilikuwa natoa maneno huku nikiyasikia kama ya mtu mwingine, na kila neno lilikuwa lile lile nililolichagua mimi mwezi Machi, bila kuyumba. Shangazi alinitazama. Si kwa hasira. Alikuwa anangoja niseme kitu kingine baada ya tafsiri.

Ndipo alipogeuka, akawaambia wenzake kwa Kihaya, "Tuna ruhusa ya kutembea katika barabara hii mpaka saa sita. Tembeeni."

Wakageuka. Walirudi mpaka sokoni, wakageuka tena, wakaja mpaka kwenye kamba, wakageuka. Mara ya tatu watu walitoka kwenye baraza za maduka kutazama. Mvua ilianza kushuka kwelikweli. Udongo ukawa uji, na miguu mia mbili ikaukanda, kwenda na kurudi.

Mama mmoja muuza maandazi, Shamsia, alitoka na ndoo na kikombe. Hawakuweza kusimama kunywa, kwa hiyo akawa anatembea nao akiwanywesha. Bwana Inspekta akanyoosha kidole: "Sasa wako mia na mmoja." Nikatafsiri. Shamsia aliniangalia kana kwamba nimemtukana mbele ya watu, akatoka barabarani, akaanza kuwarushia maji viganjani wakipita.

Saa nne hivi Bibi Kemilembe alianguka. Msafara wote ukataka kusimama. Shangazi akaita, "Msisimame!" Wawili wakamnyanyua, mikono yake mabegani mwao, miguu yake ikiburuzwa topeni. Bibi alikuwa anasema, "Natembea. Andikeni kwamba natembea."

Nilitaka kwenda kumshika. Bwana Inspekta aliniambia nibaki pale nilipo. Nikabaki.

Saa sita kengele ya misheni ikalia. Shangazi akasema, "Imekwisha. Kila mmoja aende kwa njia yake." Lakini upande wa soko gari la polisi lilikuwa limesimama kukinga barabara, na darajani kulikuwa na kamba. Wanawake mia wakajikuta katikati, hawana pa kutokea. Bwana Inspekta alitazama saa yake mpaka zikapita dakika saba. Kisha akanipa karatasi.

"Soma."

Yalikuwa majina kumi na moja ya viongozi, kutoka kwenye ombi. Nikayasoma kwa sauti yangu. Kila niliyemwita alijibu "Naam" na kusogea mbele, kwa sababu ni watu wa kweli na ni mimi niliyewaita. La kwanza Kokubanza. La mwisho Kemilembe.

Wamo rumande.

Jumapili, 19 Aprili

Sikwenda kanisani. Alistidia alikwenda, akarudi, hakuniambia kilichosemwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilifungua kitabu cha barua zitokazo kutafuta jambo jingine. Nambari 217: kufunga daraja la Kanoni kwa sababu za usalama. Tarehe 17 Aprili, Ijumaa, imejazwa kwa wino.

Lakini 216 ni madawati ya shule na 218 ni leseni ya duka, na zote mbili ni za Jumanne tarehe 14.

Niliketi nikiitazama ile safu mpaka macho yakauma. Jumanne hapakuwa na mafuriko. Jumanne haikunyesha hata tone. Nilirudi kwenye daftari hili, nikaona mstari wangu mwenyewe: "Kufunga daraja kwa sababu za usalama, tarehe iachwe wazi." Nililalamika mgongo. Niliipiga chapa barua ile, nikavuta karatasi mashinani, nikaweka nyingine.

Miaka sita nimeamini kwamba karatasi ikishakamilika inamlinda mtu.

Alhamisi, 23 Aprili. Ijumbi.

Niliomba ruhusa ya siku moja kwenda kuangalia nyumba ya shangazi. Nilipokata kona nilifikiri nimepotea njia. Kutoka barabarani nyumba ilikuwa inaonekana. Haijawahi kuonekana kutoka barabarani. Migomba iliyoificha tangu kabla sijazaliwa ilikuwa imelala, yote, si yenye fukusi tu. Mikungu michanga imetupwa katika mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Kuku walikuwa wanatembea juu ya magogo bila kujua waende wapi.

Nilikwenda kwa Kemilembe. Vilevile. Nikapita vibanja vyote kumi na kimoja, vya Ijumbi na vya Kagoma. Vya majirani vilivyo katikati yao havikuguswa.

Njiani nilimkuta mtu wa Bwana Shamba, Rutashobya, tuliyesoma naye darasa moja. Alikuwa na karatasi mkononi, akaificha. Nikamwomba niione. Akanipa bila kunitazama usoni.

Ilikuwa nakala ya kaboni. Herufi *a* imeruka juu kidogo ya mstari, kama zinavyoruka *a* zote za mashine yangu. Jina na kijiji cha kila mmoja, kama masharti yanavyotaka.

"Mimi nimeambiwa nianze na hawa," Rutashobya alisema. "Nina watoto sita, Elisha."

Nikamrudishia karatasi. Ningemjibu nini mimi?

Jumamosi, 25 Aprili

Nimepangwa kutafsiri kesi Jumatatu. Alistidia aliuliza, "Utaweza?" Nikasema ni kazi yangu. Akaacha alichokuwa anafanya, akanikabili.

"Nakuuliza tena. Utaweza?"

Nikamwambia kuhusu nambari 217. Alikaa kitandani. "Na ulijua tangu Jumatatu?" Ndiyo. "Na unalala hapa pembeni yangu?" Alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha mbele.

Jumatatu, 27 Aprili

Hakimu alitoka Mwanza, mzee mwenye kifua kibovu, anayekohoa baada ya kila sentensi. Mashtaka mawili: kufanya mkutano bila ruhusa darajani, na kukataa kutawanyika saa sita. Wanawake kumi na mmoja waliketi kwenye benchi mbili. Miguu yao bado ilikuwa na udongo mkavu wa barabara ile.

Bwana Inspekta aliapa akasema daraja lilifungwa Ijumaa baada ya mto kufurika ghafla, na washtakiwa walijulishwa wakakaidi. Nilitafsiri kwa Kihaya, neno kwa neno.

Hakimu akamuuliza shangazi kama ana swali kwa shahidi. Akasimama.

"Ninalo, waitu. Sisi tulipewa ruhusa na serikali, na kamba ikafungwa na serikali. Nauliza, aliyeandika barua ya kamba aliiandika lini?"

Nikatafsiri. Bwana Inspekta: "Ijumaa asubuhi."

Nilifungua kinywa nilipeleke jibu kwa Kihaya. Halikutoka. Karani wa mahakama aligeuka. Hakimu akakohoa, akasema, "Mkalimani?"

Nikasema kwa Kiingereza, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya mwanafunzi, "Bwana Hakimu, naomba kuapishwa. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Ilikuwa Jumanne."

Bwana Inspekta akasimama. Hakimu akamwambia aketi. Nikaapa kwa Biblia. Nikasema kitabu cha barua kiletwe, waangalie kinachotangulia 217 na kinachofuata. Sajenti Burhani ndiye aliyetumwa kukileta. Nilihofia kwamba kitabu hakitaonekana. Alirudi nacho amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akampa Hakimu mwenyewe mkononi, akimpita karani.

Hakimu alisoma ukurasa. Akafungua wa nyuma, akarudi. Alimtazama Bwana Inspekta muda mrefu bila kukohoa.

Shtaka la kwanza likafutwa. La pili halikufutwa. Alisema dakika saba ni dakika saba, na sheria haisemi ni nani aliyekuwa amefunga barabara. Kifungo cha siku kumi na nane, zile za rumande zihesabiwe humo.

Hukumu hiyo ilimbidi mtu mwingine aitafsiri, maana mimi sasa nilikuwa shahidi. Aliitafsiri vibaya, na Bibi Kemilembe akafikiri wameachiwa. Alianza kukusanya nguo yake aondoke. Shangazi akamshika mkono, akamkalisha.

Walipokuwa wanatolewa, shangazi alipita karibu nami. Hata kwa Kihaya kibovu cha mtafsiri yule mpya, alikuwa ameelewa kwamba ni mimi niliyeipiga chapa barua.

Jumanne, 28 Aprili

Nimeachishwa kazi kwa kutoa siri za ofisi. Barua ilikuwa na makosa matatu ya chapa.

Jumamosi, 2 Mei

Alistidia amerudi kulala chumbani. Tumefunga vyombo. Nyumba ni ya serikali, inatakiwa wiki ijayo.

Jumatano, 6 Mei

Walitoka asubuhi. Nilingoja mbele ya lango pamoja na watu wao. Shangazi amekonda. Nikampokea kifurushi, akaniachia. Tulipofika chini ya mteremko nikamwambia yote kuhusu Jumanne ile, na karatasi niliyoikuta kwa Rutashobya, na kibanja. Ya kibanja alikuwa ameshayajua. Alitembea kidogo, kisha akauliza:

"Siku ile uliyoipiga hiyo barua, mchana ulikula?"

"Nilikula."

"Usiku ukalala?"

"Nililala, waitu."

"Haya," alisema. Akachukua kifurushi chake mkononi mwangu, akaenda kutembea na wenzake.

Jumatatu, 18 Mei. Ijumbi.

Tunakaa kwa baba mkubwa. Mvua inapungua. Kahawa zimeanza kuwa nyekundu. Nimechuma kutwa nzima, na vidole vya karani havijui kitu. Shangazi anapita njiani kila siku, anamsalimu Alistidia kwa jina. Mimi ananipita.

Jumatano, 27 Mei

Bwana Shamba amehamishwa, hatujui kwenda wapi. Amri ya fukusi ipo palepale, ila watu wake sasa wanangoja mikungu ikatwe, na wanapiga hodi. Hakuna aliyetangaza. Wanapiga hodi tu. Vibanja kumi na kimoja bado ni tope.

Jumanne, 2 Juni

Leo Malkia anavishwa taji huko Uingereza. Tumesikia kwamba Bukoba kuna gwaride, ngoma, na watoto wa shule wenye bendera. Polisi wote wa Muleba wameitwa huko. Ameachwa askari mmoja wa baraza, Mujuni, akae barabara ya Kagoma.

Saa moja asubuhi nilikuwa barabarani nikielekea kwenye kahawa. Nikaona mwanamke anakuja kutoka Kagoma, peke yake, na chipukizi la mgomba kichwani, mizizi imefungwa kwa majani. Alinisalimu kwa ufupi, akapita. Nyuma yake, mbali kidogo, mwingine, na chipukizi. Nyuma yake mwingine. Hatua hamsini, mwanamke. Hatua hamsini, mwanamke. Mpaka barabara inapopinda, na baada ya hapo sijui.

Mujuni alikuwa amesimama na fimbo yake. Alimsimamisha mmoja. "Una ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, baba? Niko peke yangu. Napeleka mbegu kwa shemeji."

Akamwachia. Akaja wa pili, naye anapeleka kwa shemeji. Mujuni aliponiona alipata faraja.

"Karani! Wewe ndiye uliyeandika ile sheria kwa Kiswahili. Haya si maandamano?"

"Watu watatu au zaidi wanaotembea pamoja," nikamwambia. "Umewaona watatu pamoja?"

Aliangalia juu ya barabara, akaangalia chini. Alihesabu kwa mdomo bila sauti. Mwishowe akaketi juu ya jiwe, akaweka fimbo magotini, na wanawake wakaendelea kupita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akimsalimu, naye akiwajibu wote.

Niliacha kikapu changu cha kahawa pale pale. Nikangoja pengo, nikaingia.

Kibanja cha shangazi kilikuwa na machipukizi yapata themanini yamelazwa kando ya nyumba, na mengine yalikuwa yanapelekwa kwa Kemilembe. Hakuna aliyesimama kuzungumza. Wanaweka, wanaondoka kwa njia ya nyuma. Shangazi alikuwa ameinama na jembe. Nikachukua la pili lililoegemezwa ukutani, nikaanza kuchimba mwisho wa mstari wake. Hakunifukuza. Tulichimba hivyo mpaka jua likapanda, yeye mbele, mimi nyuma. Viganja vyangu vikachubuka, nikaendelea.

Nilipotaka kuweka chipukizi la kwanza alikuja akasimama juu yangu. Akaingiza mguu wake ndani ya shimo, kupima. Udongo ulimfika chini ya goti.

"Fupi hili, mwana wange," alisema. "Chimba."